Pima mbuzi kwa futi kabla mnunuzi hajampima kwa jicho

MKULIMA wa Namasakata, mkoani Ruvuma, hakubali gunia lake la korosho likadiriwe kwa macho. Husimama mbele ya mizani ya chama cha msingi mpaka mshale utulie. Lakini mkulima huyo huyo akihitaji fedha za sare za mtoto, humfungua mbuzi kambani na kumwacha mnunuzi amshike kiunoni, amnyanyue kidogo na kutaja bei. Mnunuzi anayenyanyua mbuzi kila wiki tayari ana mizani mikononi. Muuzaji, anayeuza mara mbili kwa mwaka, hana.

Futi ya fundi cherehani inaweza kumsaidia, ila ajue anapima nini. Wengi hutazama miguu, kwa kuwa mbuzi mrefu huonekana mkubwa. Mfupa wa mguu wa mbele, ule ulio kati ya goti na kwato, huonyesha ukubwa wa umbo, si wingi wa nyama. Kiangazi mbuzi akikonda, mfupa haufupiki. Kinachopungua ni mzingo wa kifua.

Kwa hiyo pima kifua kwanza. Mbuzi asimame sawasawa, asubuhi kabla hajala wala kunywa maji. Zungusha futi nyuma tu ya miguu ya mbele, ikae vizuri bila kumbana. Kisha pima urefu kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa makalio. Zidisha mzingo kwa mzingo, halafu kwa urefu, ugawe kwa 10,840. Mzingo wa sentimita 66 na urefu wa 58 hutoa kilo 23 na ushee. Futi ikilegea ukasoma 69, unapata kilo 25 na nusu. Tuseme kilo moja ya mbuzi hai ni Sh 5,000: kosa la sentimita tatu ni zaidi ya Sh 10,000. Pima mara tatu.

Mguu una kazi yake hapo. Chukua mbuzi wawili wa umri mmoja wenye mifupa ya urefu sawa, mmoja kifua kipana, mwingine chembamba. Yule mwembamba, kama si mgonjwa, ana umbo la kubeba nyama zaidi. Mchuuzi mjanja humnunua kwa bei ya mkondefu, akamnenepesha na kumuuza. Faida hiyo ingeweza kubaki kwa mfugaji.

Ngozi, manyoya na kiungo huongeza urefu unaosomwa kwenye mguu wa mbuzi hai. Watafiti wa mifupa ya kale hutumia mfupa mtupu na kalipa, kama ya mafundi wa karakana, inayosoma hadi sehemu za milimita. Mwongozo wao mkuu uliandikwa na Angela von den Driesch mwaka 1976, ili mtu wa Ujerumani na wa Kenya wapime mahali pale pale. Mifupa ambayo ncha zake hazijaungana hawaihesabu pamoja na ya wakubwa, maana mnyama alikuwa bado anakua.

Tena hawachanganyi kondoo na mbuzi. Kwa viwango vilivyotokana na mifugo ya Ulaya, mfupa huo wa sentimita 11 huzidishwa kwa 5.75 ukiwa wa mbuzi, na kwa 4.89 ukiwa wa kondoo. Mbuzi anatoka na kimo cha sentimita 63, kondoo 54. Mfupa wa mbuzi ni mfupi na mnene zaidi kwa kimo chake. Anayewapanga kondoo na mbuzi kwa urefu wa mguu, kama wafanyavyo baadhi ya wachuuzi, anajidanganya.

Kanuni ya futi nayo ni makadirio. Siku chama kikiwa na nafasi, omba mizani ya kuning'inia, mtie mbuzi ndani ya gunia kichwa kikiwa nje, mpime, kisha utoe uzito wa gunia. Andika tofauti na hesabu ya futi kwenye daftari. Ukishapima mbuzi kumi hivi, utajua futi yako inazidisha au inapunguza kwa kiasi gani.