Paka Grisi Kabla ya Kuagana

Wapenda magari ya zamani wana siri moja: gari linalofufuka ni lile lililolazwa vizuri. Wamarekani wanayo Lincoln ya mwaka 1939 ya Rais Roosevelt, iliyopita Vita Kuu ya Pili na sasa imetunzwa kwenye makumbusho ya The Henry Ford, Dearborn. Kwetu, chombo chenye hadithi ya namna hiyo si gari, ni meli.

Juni 1916 Waingereza waliuteka mji wa Wilhelmstal, ndiyo Lushoto ya leo. Mwezi uliofuata vita vikaikaribia Kigoma. Huko Wajerumani walikuwa na meli yao, Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, ikafunguliwa vipande vipande, ikafungwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar kwa bahari na Kigoma kwa reli. Wamwachie adui? Thubutu! Wakaizamisha wenyewe. Ila kabla ya kuizamisha, mafundi waliipaka mitambo grisi nene. Walikuwa na nia ya kurudi.

Hawakurudi. Mwaka 1924 Waingereza wakaiibua, na mitambo ikakutwa bado inafaa. Mwaka 1927 ikaingia kazini kwa jina la Liemba, ikabeba watu na mizigo ya Ziwa Tanganyika kwa miongo mingi.

Sasa tuje kwetu. Mwenzio kapata kazi Zirai, juu huko Usambara, na wewe kazi yako iko Dar. Wiki ya mwisho mnanuniana, nani anajali kazi kuliko mwenzake. Basi linaondoka alfajiri, hata kwaheri haijasemwa vizuri. Halafu mnasingizia umbali! Kutu ilianza ile wiki.

Kwa hiyo pakeni grisi mapema. Semeni linalowauma. Kubalianeni nani atasafiri lini, na nauli inatoka mfuko wa nani. Elewaneni kwamba mlimani mtandao hukatika, ili kimya cha jioni moja kisigeuke kesi.

Na kama mwisho wake ni kuachana? Bado agana vizuri, hasa kama mna watoto. Waliopaka ile grisi hawakuiendesha tena meli yao, lakini watu wa ziwa walisafiri.