Askari wa Damu Wapimwa Mmoja Mmoja

Kila mwanadamu hutembea na jeshi ndani ya damu yake. Askari wake ni chembe nyeupe, ambazo hupambana na vijidudu vya maradhi, na hata na chembe za mwili wenyewe zilizogeuka kuwa saratani.

Kwa miaka mingi wataalamu walilipima jeshi hilo kwa jumla. Walikusanya chembe nyingi katika kichupa kimoja, wakapata wastani wa kazi yake. Lakini wastani huficha mengi, ndugu msomaji. Shamba la watu kumi laweza kuwa limelimwa na watatu tu, saba wakiwa wamekaa kivulini.

Mwaka 2011 watafiti wa Taasisi ya Teknolojia ya California, Marekani, na wenzao walieleza njia ya kumpima kila askari peke yake. Chombo chao ni chipu, yaani kibao cha kioo kilichofunikwa kwa mpira mwangavu, chenye vyumba zaidi ya elfu moja. Vyumba hivyo ni vidogo mno, hata tone moja la maji lingejaza maelfu.

Chembe huingizwa humo pamoja na kimiminiko, kisha vyumba hufungwa. Chembe iliyobaki peke yake huendelea kutoa protini, ambazo ndizo silaha zake na ujumbe wake kwa wenzake. Chumbani mna mistari myembamba ya antibodi, na kila mstari hunasa protini ya aina moja. Baada ya saa kadhaa mistari hutiwa rangi ing'aayo, na mtaalamu husoma: huyu ametoa silaha, yule ameita wenzake, yule hakufanya lolote. Protini zaidi ya kumi hupimwa kwa chembe moja.

Watafiti hao walipima chembe T za mgonjwa wa melanoma, saratani kali ya ngozi. Kwa alama za nje zilifanana, mithili ya askari waliovaa sare moja. Kwa kazi zilitofautiana sana.

Hapo ndipo ulipo uzito wa jambo hili. Zipo tiba za saratani zinazotegemea kuamsha kinga ya mwili. Daktari anayehesabu askari tu aweza kuliona jeshi kubwa akatumaini ushindi, kumbe wapiganaji ni wachache. Chipu haiponyi mgonjwa, wala chumba cha kioo si mwili. Lakini yaonyesha ni nani hasa anayepigana.