MCHUMIA JUANI HULIA KIVULINI: JE, HATA MCHEZONI?

Wahenga walinena kwamba mchumia juani hulia kivulini. Methali hii tumeizoea katika mambo ya kazi na riziki. Lakini je, yafaa pia katika mchezo? Mchezo si kazi. Mtu hucheza apate kuburudika. Basi kuna haja gani mtu kutokwa na jasho mchezoni? Na akipunguziwa jasho hilo, raha yake huzidi ama hupungua?

Swali hili limewagawanya mamilioni ya watu kwa zaidi ya miaka ishirini sasa. Ni wale wanaocheza michezo ya kompyuta kupitia intaneti, ile ambayo mchezaji hujivika nafsi ya mtu mwingine, awe askari, mchawi au mwindaji, akaingia katika nchi ya kubuniwa na kukutana humo na wachezaji wenziwe kutoka kila pembe ya dunia. Vijana wetu wanaifahamu sana. Wazazi wengi huwaona tu wameinamia kioo, wasijue wanatafuta nini. Leo nitajaribu kueleza wanachokitafuta, kisha tukitazame kisa cha mchezo mmoja uliorahisishwa mpaka wachezaji wake wenyewe wakaomba warudishiwe shida zao za zamani.

KUPANDA DARAJA

Katika michezo hii mtu huanza akiwa si lolote si chochote. Yuko daraja la kwanza, ana silaha butu na nguo mbovu, na hata nguruwe mwitu aweza kumtoa roho. Kila akiua dubwana au kutimiza kazi aliyotumwa hupata alama za uzoefu. Alama zikitimia, hupanda daraja. Nguvu zake huzidi, hujifunza mbinu mpya, na nchi ambazo jana alikuwa akizikimbia leo huziingia kifua mbele.

Hapo mwanzo upandaji huo ulikuwa mgumu kwelikweli. Katika EverQuest, mchezo uliotolewa Marekani mwezi wa Machi 1999, aliyeuawa alipokonywa sehemu ya uzoefu wake, na pengine akateremshwa daraja. Juu ya hayo, maiti yake ilibaki pale alipoanguka pamoja na mali yake yote, naye hakuwa na budi kuirudia mikono mitupu, katikati ya madubwana yale yale yaliyomwua. Aghalabu hakuweza kuifikia pasipo msaada wa wenziwe.

Mchezo mwingine, RuneScape, ulifunguliwa huko Uingereza mwaka 2001. Humo, hapo zamani, kila ufundi, uwe uvuvi, upishi au ukataji miti, ulikuwa na madaraja 99. Kulifikia la 99 kwahitaji alama 13,034,431. Ajabu ni kwamba aliyefika daraja la 92 ndiyo kwanza yuko nusu ya safari!

MCHEZO ULIOPENDWA NA MAMILIONI

Tarehe 23 Novemba 2004 kampuni ya Blizzard ya Marekani ilitoa mchezo uitwao World of Warcraft. Yafaa ikumbukwe kwamba ulipotoka ulisifiwa kwa wepesi wake. Aliyekufa hakupokonywa uzoefu. Alirudi mbio akiwa kivuli mpaka ulipo mwili wake, akalipia matengenezo ya silaha zake, akaendelea na safari. Wazee wa EverQuest waliucheka wakisema ni mchezo wa watoto. Basi tukumbuke kwamba shida anayoililia mtu huyu ndiyo starehe aliyoilaumu yule aliyemtangulia.

Watungaji wake walijifunza mapema jambo moja kuhusu moyo wa binadamu. Mchezo ulipokuwa ukijaribiwa, walitaka kuwazuia watu wasicheze kutwa kucha, basi wakaweka sharti kwamba anayecheza muda mrefu atapungukiwa na alama anazopata. Wachezaji walichukia mno. Rob Pardo, mmoja wa wakuu wa utungaji huo, ameeleza kwamba waligeuza maneno tu: kipimo cha kawaida wakakiita thawabu ya aliyepumzika, na kile kilichopunguzwa wakakiita cha kawaida. Hesabu ilikuwa ile ile, lakini manung'uniko yakageuka shukrani. Kwa hiyo ugumu na wepesi havimo katika hesabu peke yake. Vimo pia katika jinsi mtu anavyojiona ametendewa.

Hata hivyo, kufika daraja la 60, lililokuwa la mwisho wakati huo, hakukuwa kazi ya siku mbili. Wachezaji wengi walitumia saa mia mbili na zaidi. Ilimpasa mtu aende kwa miguu mpaka daraja la 40, ndipo aruhusiwe kununua farasi au mnyama mwingine wa kupanda, naye aligharimu kama vipande mia vya dhahabu. Wengi walifika daraja hilo hawana hata nusu yake. Walivua samaki, wakachimba madini, wakauza ngozi sokoni, na wengine wakakopa kwa marafiki. Siku mtu alipopanda farasi wake wa kwanza, aliipita ile njia aliyoihesabu kwa nyayo zake, akajiona mfalme.

NJIA YAFUPISHWA

Kisha urahisi ukaanza kuingia kidogo kidogo. Novemba 2007 alama zilizohitajiwa kati ya daraja la 20 na la 60 zilipunguzwa. Mwaka 2008 farasi akateremshwa mpaka daraja la 30, na mwaka 2009 mpaka la 20, tena kwa bei ya chee. Mwishoni mwa 2008 yalitolewa mavazi ya urithi: mwenye mhusika mkubwa aliweza kumvisha mhusika wake mchanga, naye akapata alama kwa haraka zaidi. Mwaka 2014 kampuni ilianza kuuza daraja lenyewe. Kwa dola 60 mtu aliamka asubuhi akiwa daraja la 90. Mmoja wa wakuu wa mchezo, Ion Hazzikostas, alieleza kwamba bei ile iliwekwa juu makusudi, ili kazi ya waliopanda kwa jasho lao isishushwe thamani. Hatimaye, mwaka 2020, madaraja 120 yaliyokuwa yamelimbikizana yalibanwa yakawa 50.

Tusiwe wepesi wa kulaumu. Mambo haya yalikuwa na sababu. Kila baada ya miaka miwili hivi kilele kilisogezwa juu: 70 mwaka 2007, 80 mwaka 2008, 85 mwaka 2010. Mgeni aliyeingia kwa kuitwa na rafiki yake alimkuta huyo rafiki yuko kileleni, naye yuko bondeni peke yake, na njia nzima haina mtu. Tena wale waliokuwa wanafunzi mwaka 2004 walikuwa sasa watu wa kazi, wana wake na watoto. Mtu mwenye saa moja tu baada ya watoto kulala atazipata wapi saa mia mbili?

Na wachezaji hawakukimbia. Mwezi wa Oktoba 2010, baada ya miaka mitatu ya kupunguziwa mzigo, waliolipa ada walifikia milioni 12, idadi ambayo mchezo huo haukuwa umeifikia kabla ya hapo. Basi asiseme mtu kwamba wepesi ndio ulioufukuza umati.

KILICHOPOTEA

Kilichopotea ni kitu kingine. Desemba 2009 uliletwa mtambo wa kuwatafutia wachezaji wenzi. Kabla ya hapo, aliyetaka kuingia katika pango lenye hatari alisimama mjini akapaza sauti kuwatafuta wenziwe wanne. Mara nyingi walikwenda pango hilo kwa miguu, wakizungumza njiani. Mwenye ubahili alijulikana, mwenye matusi alijulikana, na mwungwana naye alijulikana, kwa kuwa wote walikaa mji mmoja. Mtambo ulipokuja, ilitosha kubonyeza kitufe. Wageni watano kutoka miji mbalimbali walitupwa pangoni, wakafanya kazi yao kimya kimya, wakatawanyika bila hata salamu. Muda uliokolewa. Lakini mtu aliyekuwa na majirani akabaki na wapita njia.

Na yale madubwana ya njiani, ambayo zamani yalimlazimu mtu kuomba msaada, mengi yalilegezwa ili kila mmoja aweze kuyaua peke yake. Mchezaji akawa hamhitaji mtu. Na asiyemhitaji mtu, naye hahitajiwi.

Hapo ndipo manung'uniko yalipozidi. Mwaka 2013, katika mkutano wa wachezaji, mtu mmoja aliuliza kama kampuni ingefungua tena mchezo wa zamani. J. Allen Brack wa Blizzard alimjibu kwamba wanadhani wanautaka, lakini hawautaki. Jibu hilo halikusahauliwa. Watu wengine walijifungulia wenyewe nakala ya mchezo wa kale bila idhini, wakaiita Nostalrius. Aprili 2016 ilifungwa kwa vitisho vya kisheria, na zaidi ya watu 200,000 wakatia sahihi zao kwenye ombi la kutaka mchezo wa kale urudishwe. Novemba 2017 kampuni ilikubali, na ni Brack yuyo huyo aliyesimama jukwaani kutangaza. Mchezo wa kale ulipofunguliwa Agosti 2019, maelfu walipanga foleni saa kadhaa ili warudi kutembea kwa miguu!

RuneScape nao ulikuwa umetangulia. Mwaka 2013 wachezaji walipigiwa kura wakachagua kurudishiwa mchezo ulivyokuwa Agosti 2007. Leo wanaoucheza huo wa kale ni wengi kuliko wale wa mpya, na badiliko kubwa haliingizwi mpaka asilimia 70 ya wapiga kura waridhie.

LAKINI SUBIRI KWANZA

Lau kisa kingeishia hapo, ningesema methali imeshinda. Lakini wale wale walioililia njia ngumu walipoipata, wengi wao waliikwepa. Mchawi mwenye nguvu aliingia pangoni na wanyonge wanne, wakakaa mlangoni huku yeye akiua madubwana kwa makundi, nao wakapanda daraja bila kuinua mkono, wakamlipa dhahabu. Biashara hiyo ilishamiri. Wengine, kinyume chao, walitaka shida zaidi: Agosti 2023 zilifunguliwa seva ambazo mhusika akifa mara moja amekwisha, kazi ya miezi yote ikapotea. Wakajaa humo.

Mimi naona hapa hapana kigeugeu. Watu hawapendi mzigo kwa sababu ni mzito. Hakuna aliyewahi kusimulia kwa furaha jinsi alivyoua nguruwe mia tano. Wanachosimulia ni farasi aliyechangiwa na marafiki, maiti iliyokombolewa usiku na watu wasiomjua, daraja lililofikiwa huku moyo ukidunda kwa hofu ya kufa. Punguza nguruwe mia tano wawe mia, hakuna atakayelia. Lakini ukiondoa hofu, ukaondoa haja ya mwenzi, ukaondoa na tofauti kati ya aliyefika na asiyefika, basi umemnyima mchezaji kile alichokijia. Bao letu lina kete 64, na kila anayeketi, fundi au mwanagenzi, huanza na hesabu ile ile. Hakuna duka liuzalo ufundi wa bao, ndiyo maana fundi wa bao huheshimiwa barazani.

Kuna jambo la mwisho ambalo wazazi wafaa kulitupia jicho. Katika michezo mingi ya simu inayotolewa bure, anayeweka ugumu ndiye huyo huyo auzaye wepesi. Njia hufanywa ndefu kusudi ili kijana achoke, kisha afunguliwe duka: lipa kidogo upite. Huo si ugumu wa kumkomaza mchezaji, ni mlango uliofungwa na mwenye kuuza funguo. Kijana akiomba fedha za kununulia daraja, usimgombeze kwanza. Muulize: "Hilo daraja, ukilipata leo kwa fedha, kesho utamsimulia nani?" Akiwa na jibu, keti umsikilize. Akikosa, huenda mwenyewe akaona kwamba anataka kulipa ili asicheze.