Fundi wa Tovuti Apimwe kwa Kazi Yake

Siku hizi si jambo geni kwa ofisi ya umma kumtaka mwananchi aombe leseni, ajaze fomu au apate namba ya malipo kwa njia ya mtandao. Hatua hiyo ni njema, nasi tunaiunga mkono. Lakini fomu ambayo zamani ilitolewa na karani dirishani sasa hutokea katika kioo cha simu, na anayeitengeneza ni fundi wa tovuti. Kwa hiyo swali la ujuzi anaopaswa kuwa nao fundi huyo si la wataalamu peke yao. Ni swali la wananchi wote.

Tuchukue mfano wa mwananchi wa Sanya Juu, makao makuu ya Wilaya ya Siha, katika mteremko wa magharibi wa Mlima Kilimanjaro. Simu yake ni ndogo na kifurushi chake ni haba. Fomu inamtaka ataje mahali alipozaliwa, naye anaandika Bomang'ombe. Fomu inamjibu kwamba amekosea. Hakukosea hata kidogo. Aliyekosea ni fundi, ambaye hakuiruhusu ritifaa, ile alama inayokaa baada ya ng. Ndugu zetu wa Unguja wasidhani kwamba hayo ni mambo ya bara. Fomu inayoikataa Bomang'ombe itaikataa na Ng'ambo.

Matokeo yake ni mazito kuliko kosa lenyewe. Mtu wa Sanya Juu itambidi ateremke hadi Bomang'ombe, ashike barabara kuu na kwenda Moshi. Mtu wa Pemba huenda akalipa nauli ya boti kwenda Unguja. Alama moja tu imegeuka kuwa siku nzima ya kazi iliyopotea.

Kwa maoni yetu, sababu si uhaba wa vijana wenye vipaji. Sababu ni kipimo. Matangazo mengi ya kazi hii hutaja orodha ndefu ya majina ya programu na miaka ambayo mwombaji ameitumia kila moja. Majina hayo hayadumu. AngularJS ilitolewa na kampuni ya Google mwaka 2010 ikapata sifa duniani kote. Mwisho wa mwaka 2021 kampuni hiyo iliacha kuihudumia. Lakini HTML inayopanga maandishi ya ukurasa, CSS inayoupa sura, na JavaScript iliyobuniwa mwaka 1995 ili kuupa ukurasa uwezo wa kutenda, zingali ndizo msingi wa kazi yote. Aliyeumudu msingi hujifunza chombo kipya. Aliyekariri chombo peke yake huzeeka pamoja nacho.

Hapo zamani nchi yetu ilikuwa na majaribio ya ufundi ya daraja la tatu, la pili na la kwanza. Seremala hakupandishwa daraja kwa kutaja majina ya randa, bali kwa kazi ya mikono yake. Hatuoni sababu ya kumpima fundi wa tovuti kwa njia nyingine.

Tunamzungumzia hasa fundi wa daraja la kati, kwa kuwa ndiye nguzo ya kazi. Mwanafunzi hufanya alichoelekezwa. Bingwa hupanga kazi nzima na kuwaongoza wenzake. Wa daraja la kati hukabidhiwa tatizo, akauliza yasiyoeleweka, kisha akalimaliza bila kusimamiwa. Huyo hana budi kujua mambo manne.

Kwanza, ukurasa wake uwe mwepesi. Picha iliyotoka katika kamera ikiwa na megabaiti kadhaa haina haki ya kula kifurushi cha mkulima, aipunguze. Pili, ukurasa usomwe na kila mtu. Asiyeona husomewa na simu yake. Picha isiyo na maelezo ya maneno ni ukuta kwake, na ukurasa usioeleza kwamba ni wa Kiswahili huweza kutamkwa kana kwamba ni wa Kiingereza. Tatu, aijue mipaka ya kazi yake. Wako mafundi wanaoikataa ritifaa kwa kuhofia wahalifu wa mtandao, ilhali ulinzi wa kweli huwekwa kwenye seva inayopokea majibu. Ukaguzi wa kwenye kioo ni wa kumsaidia mwandishi tu. Nne, aweze kutafuta chanzo cha kosa, aweke kumbukumbu ya kila badiliko ili aweze kurudi nyuma, na aijaribu kazi yake kwenye simu ya bei nafuu kabla ya kuikabidhi.

Tunawashauri maofisa wanaohusika, wa Bara na wa Visiwani, waandike matangazo ya kazi kwa kutaja mambo ya namna hii. Mwombaji apewe simu ndogo na fomu mbovu, aachiwe nusu siku, kisha aeleze alichokiona na alichokirekebisha. Vyuo vya VETA na vya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali Zanzibar navyo vinaweza kuwazoeza vijana kwa mitihani ya aina hiyo. Kijana wa Siha au wa Micheweni aliyejifunza kwa kompyuta ya kuazima atakuwa na nafasi sawa na mwenzake wa mjini, na ofisi itampata mtu wa kazi.

Wahenga walisema, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Tovuti yenye rangi za kupendeza isiyompokea mwananchi na jina la kwao ni mkakasi. Wananchi hawahitaji mapambo, wanahitaji huduma.