Pointi tatu zinavyoitesa kompyuta

KILA msimu ukifika ukingoni, stori za vijiweni ni zile zile. Shabiki wa timu iliyoachwa pointi kibao anashika kalamu, anachora msimamo na kusema: “Kimahesabu bado tumo.” Wenzake wanamcheka. Kumbe swali lake limewatoa jasho wanahisabati wa Ulaya.

Swali lenyewe ni hili: timu yako ikishinda mechi zake zote zilizobaki, je, kuna matokeo yoyote ya mechi za wengine yatakayofanya isipitwe na mtu?

Chukua ligi ya timu 16. Raundi moja ina mechi nane, na kila mechi ina matokeo ya aina tatu: mwenyeji kushinda, sare au mgeni kushinda. Raundi moja tu inatoa michanganyiko 6,561. Zikibaki mbili, inapita milioni 43. Zikibaki tatu, bilioni 282. Zikibaki tano, kompyuta inayokagua michanganyiko bilioni moja kwa sekunde ingehitaji zaidi ya miaka 380 kuimaliza yote.

Enzi za pointi mbili

Lakini wingi peke yake sio ishu. Enzi za mshindi kupata pointi mbili, swali hilo lilikuwa na njia ya mkato. Mwaka 1966, Mmarekani Benjamin Schwartz aliionyesha kwenye besiboli: zichukulie mechi kama mabomba ya maji na kila timu kama ndoo yenye kikomo chake. Kila mechi inamwaga pointi mbili. Zikienea zote bila ndoo kufurika, timu yako bado imo. Hesabu hiyo kompyuta inaimaliza fasta, hata kwa ligi yenye mamia ya timu.

Mwaka 1981, England ikaanza kutoa pointi tatu kwa ushindi, wazo lililopigiwa debe na Jimmy Hill, ili timu zishambulie na kuacha kuridhika na sare. Kombe la Dunia likafuata mwaka 1994. Uwanjani ilikuwa poa, ila kwenye hesabu mabomba yakapasuka. Mechi yenye mshindi inagawa pointi tatu, ya sare inagawa mbili, na hakuna mechi inayogawa mbili kwa moja.

Mwaka 1999, watafiti wa Chuo Kikuu cha Dortmund, Ujerumani, walithibitisha kuwa kwa pointi tatu swali hili limeingia kwenye kundi la maswali magumu kuliko yote ambayo majibu yake hukaguliwa kirahisi. Mwaka 2001, Walter Kern na Daniël Paulusma wa Uholanzi nao wakachapisha utafiti kuhusu ugumu wa kanuni mpya za FIFA.

Kukagua rahisi, kutafuta kazi

Mtu akikuletea karatasi yenye matokeo ya mechi zote zilizobaki, unajumlisha pointi kwa dakika chache na kujua kama timu yake inatoboa. Kuitafuta karatasi hiyo ndiko kwenye kazi. Je, kila kinachokaguliwa haraka kinaweza pia kutafutwa haraka? Stephen Cook aliliweka swali hilo mezani mwaka 1971, na mwaka 2000 Taasisi ya Hisabati ya Clay ya Marekani ikatangaza dola milioni moja kwa atakayelijibu. Hadi leo hela hiyo haijachukuliwa.

Kwa ligi za kawaida, kompyuta bado hupata jibu mwishoni mwa msimu kwa kuruka michanganyiko isiyo na maana. Ila ongeza timu na mechi, hakuna anayejua njia ya haraka inayofanya kazi kila mara.

Kwa hiyo jamaa wa kijiweni akisema “bado tumo” na kutoa karatasi yake, mkague tu, ni dakika chache. Anayepiga kelele kuwa “mmeshatoka” ndiye mwenye kazi: yeye anapaswa kuonyesha kuwa karatasi hiyo haipo kabisa.