Neno "Mfereji" na Maana Zake

Neno "mfereji" lajulikana kila pasemwapo Kiswahili, lakini maana yake si moja. Mijini ni mtaro wa kuondolea maji ya mvua na maji machafu. Unguja na Mombasa huitwa hivyo pia bomba la kutekea maji. Aambiwaye afunge mfereji huko hafukii shimo. Tena njia ya merikebu iliyofunguliwa mwaka 1869 huitwa Mfereji wa Suez.

Katika miteremko ya Kilimanjaro neno hili hutumika badala ya neno la Kichaga, "mfongo". Huo hauondoi maji, bali huyaleta, toka mtoni juu hata vihambani, yaani katika mashamba ya migomba ya ukoo. Washirikio kuuchimba na kuusafisha ndio wenye zamu ya maji. Akwepaye kazi hiyo huweza kutozwa faini au kunyimwa zamu. Basi mfongo ni maji, tena ni mapatano ya watu.

Kwa hiyo yafaa mwalimu aeleze kwanza ni mfereji upi autajao. Mtoto wa Kibosho akisikia kwamba maji machafu humwagwa mferejini, atadhani asimuliwa habari za jirani mwovu.