Walinzi wa Zizi (3): Kangal na Kaya Inayomfaa

Kangal ni mbwa wa kulinda kondoo mwenye asili ya Sivas, katika nyanda za juu za Uturuki. Dume aliyekomaa hufikia sentimita 75 hivi begani na uzito wa kilo 50 au zaidi. Hachungi mifugo wala hawindi. Hukaa na kundi usiku na mchana, hubweka akihisi hatari, na hujitokeza mbele ya mbwamwitu. Mara nyingi mnyama mkali hughairi kwa kubwekewa tu.

Kazi hiyo ndiyo iliyomfikisha Afrika. Mwaka 1994 Cheetah Conservation Fund, taasisi iliyoasisiwa na Laurie Marker nchini Namibia, ilianza kuwapa wafugaji mbwa wa ukoo huu ili mbuzi wapone, na duma nao wasiuawe. Baadaye baadhi yao waliletwa kwa wafugaji waishio jirani na Hifadhi ya Ruaha, Tanzania.

Jambo la kwanza la kupima ni mifugo yenyewe. Kangal asiye na kundi hujitafutia kazi: hulinda geti, barabara na kiwanja cha jirani, na hubweka usiku kucha. Amezoeshwa kwa vizazi vingi kujiamulia mambo mbali na mchungaji, hivyo kumtarajia atii kila neno ni kumwonea. Watoto wa nyumbani huwavumilia vizuri, lakini wageni wakicheza nao mieleka anaweza kudhani wanashambuliwa. Kwa nyumba ya mjini yenye ua mdogo, jibu ni hapana, hata kama chakula kipo.

Jambo la pili ni nani atakayekuwa zizini. Mtoto wa mbwa hulazwa na mbuzi tangu akiwa na wiki 8 hivi, umri ambao huwazoea na kuwahesabu kuwa wenzake. Familia nyingi huharibu hapa, kwa mapenzi tu: humlisha jikoni, humlaza barazani, na akikua hubaki na watu huku mbuzi wakichukuliwa na fisi. Hata hivyo ni lazima azoee kushikwa na mwenye mji na daktari wa mifugo, la sivyo hatachanjwa. Hadi afikishe mwaka mmoja na nusu au miwili bado ni kijana. Hukimbiza wanambuzi na kuwatafuna masikio kwa mchezo. Lazima awepo mtu wa kumkanya papo hapo, kila siku.

Gharama nazo si ndogo. Ugali mtupu haumjengi mbwa wa ukubwa huu. Chanjo ya kichaa cha mbwa haina mbadala, na dawa ya minyoo vilevile, kwa kuwa tegu wa mbwa huweza kusababisha uvimbe wa maji kwenye ini na mapafu ya binadamu, ugonjwa uliowatesa sana Waturkana wa Kenya. Matumbo, maini na mapafu mabichi ya mifugo asipewe kamwe.

Kaya yenye mbuzi wachache na kipato kidogo haikosi njia. Nchini Botswana, Cheetah Conservation Botswana hutumia mbwa wa kienyeji wa huko, wadogo kwa umbo, wanaokula kidogo na kulimudu joto. Nao hulelewa zizini tangu wakiwa wadogo.